Cessna 152 au 172: ipi ya kujifunzia urubani ukiwa Wilson, na ipi ukiwa pwani

Anayefika Wilson, uwanja wa ndege jijini Nairobi, kuulizia masomo ya urubani huwa na swali moja mdomoni: saa ni pesa ngapi? Anaambiwa bei ya Cessna 152, anaambiwa ya Cessna 172, anazidisha tofauti kwa saa 40 ambazo ni kima cha chini cha leseni ya rubani binafsi, anashika kichwa, anachagua 152. Mara nyingi huwa amechagua vizuri, lakini kwa bahati tu. Angepanda mizani kwanza, yeye na mwalimu wake, ndipo achukue kikokotoo.

Nilianza kujifunza pwani kwa 152, nikahamia Nairobi kikazi, nikamalizia kwa 172. Ninayoyasema hapa yanatokana na njia hiyo. Mtu aliyejifunza Dar es Salaam tu, au Nairobi tu, huwa na jibu moja la haraka, na jibu lenyewe huwa sahihi kwa uwanja wake.

Kwa kuzitazama ni ndugu. Zote zina mabawa juu, magurudumu matatu yasiyokunjwa, injini moja na milango miwili. 152 ilianza kuundwa mwaka 1977 na ikaachwa 1985, kwa hiyo hata iliyo changa kabisa ina umri mkubwa kuliko wanafunzi wengi wanaoipanda. 172 imekuwepo tangu 1956, ikasimama 1986, ikarudi kiwandani 1996, na zimeundwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine iliyofikia idadi hiyo. Ndiyo maana ukiambiwa "tuna 172", uliza ni 172 ipi. M ya miaka ya sabini ina nguvu za farasi 150, N ina 160, na S ya kuanzia 1998 ina 180. Hapa nitatumia N, kwa kuwa ni ya rika la 152 na bado inafundisha watu wengi.

| | Cessna 152 | Cessna 172N |
|---|---|---|
| Viti | 2 | 4 |
| Nguvu za farasi | 110 | 160 |
| Uzito wa mwisho wa kupaa | kilo 757 | kilo 1,043 |
| Mafuta ya kutumika, matangi ya kawaida | lita 93 | lita 151 |
| Ulaji kwa saa | lita 22 hadi 24 | lita 30 hadi 34 |
| Flapu (sehemu ya nyuma ya bawa inayoteremshwa wakati wa kutua), mwisho | nyuzi 30 | nyuzi 40 |
| Upepo wa pembeni uliojaribiwa kiwandani | noti 12 (noti ni maili ya baharini kwa saa) | noti 15 |

Hewa unayolipia

Wilson iko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Kwa vipimo vya kawaida vya anga, mahali pa juu hivyo pangekuwa na nyuzijoto 4 hivi. Sasa chukua mchana wa Februari, nyuzi 26. Kila nyuzi inayozidi kipimo inaongeza kama futi 120 kwenye mwinuko ambao ndege inauhisi. Piga hesabu: nyuzi 22 mara 120, jumlisha 5,536, unafika kama futi 8,200. Vilele vya Ngong, vile unavyoviona kutoka uwanjani, viko futi 8,000 na kidogo. Maana yake ndege yako imesimama mwanzo wa barabara ya kurukia, magurudumu kwenye lami ya Wilson, lakini injini na mabawa vinadhani tayari viko kileleni Ngong.

Dar es Salaam siku ya nyuzi 32, jasho likikutiririka mpaka viatuni, hesabu hiyohiyo inatoa futi 2,200 tu. Huko ndege inapumua.

Injini hizi hazina turbo ya kuzisukumia hewa. Kwenye hewa ya futi 8,000 zinapoteza karibu robo ya nguvu. Zile farasi 110 za 152 zinabaki kama 84, na 160 za 172 zinabaki kama 120. Mabawa nayo yanapata hewa nyepesi, propela vilevile. Hasara inakujia kutoka pande tatu kwa pamoja.

Ukifungua vitabu vya ndege hizi utakuta jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwenye usawa wa bahari, zikiwa zimejazwa hadi uzito wa mwisho, 152 inapanda futi 715 kwa dakika na 172N inapanda 770. Tofauti ni ndogo mno. Mwenye kukwambia "172 ina nguvu zaidi" anasema kweli nusu, kwa sababu inabeba nguvu hizo pamoja na mwili wake mkubwa. Faida yake inatoka kwingine: ukiwa nayo watu wawili tu, hujaijaza. 152 ukiipanda watu wawili, umeijaza.

Tuipime. 152 tupu, yenye redio na vifaa vyake, ina kama kilo 525. Ya kwako inaweza kuzidi au kupungua, takwimu yake halisi imo kwenye karatasi za uzani zinazokaa ndani ya ndege, na una haki ya kuziomba. Toa kwenye 757, zinabaki 232. Matangi yakijaa, lita 93 ni kilo 67. Zinabaki 165 za watu wawili, mikoba na chupa ya maji. Mwanafunzi wa kilo 85 na mwalimu wa 85 tayari wamevuka. Wanaweza kupunguza mafuta: lita 60 ni kilo 43, zinatosha somo la saa moja na nusu na akiba ya kutosha, na watu wanaruhusiwa hadi kilo 189. Kisheria mambo yamekaa sawa. Lakini ndege iko kwenye uzito wake wa mwisho, na Wilson saa saba mchana kitabu kinaahidi kupanda futi 400 hivi kwa dakika. Hiyo ni ahadi iliyoandikwa kwa injini mpya na rubani wa majaribio wa kiwanda. Yako ina miaka arobaini na wewe una saa kumi na mbili.

172N tupu ni kama kilo 655. Mweke mwanafunzi wa 85, mwalimu wa 85, matangi yajae kilo 109. Jumla 934. Bado iko kilo 109 chini ya uzito wake wa mwisho, sawa na kumwacha mtu mzima mnene chini ya mti. Hapo ndipo unapohisi inapanda.

Kwa hiyo kipimo changu cha Wilson ni hiki: jumlisha uzito wako na wa mwalimu utakayekuwa naye mara nyingi. Chini ya kilo 150, chukua 152 bila wasiwasi, ila upendelee asubuhi. Kati ya 150 na 165, 152 ya asubuhi tu. Zaidi ya hapo, lipia 172. Pwani, kutoka Malindi hadi Dar, hiyo 150 isogeze hadi 165, na saa za mchana si tatizo sana kwa injini, labda kwa mgongo wa shati lako.

Watu huona haya kutaja kilo zao. Nimemwona kijana akiandika 78 kwenye fomu huku mkanda wake unasema 95. Mwalimu hakusema kitu, akamwambia tu, "Leo tunachukua 172, kaka."

Kile kifundo chekundu

Pwani nilizoea kukisukuma kifundo cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hadi ndani kabisa, mafuta yawe mengi, kabla ya kupaa. Ni sahihi, kwa pwani. Siku yangu ya kwanza Nairobi nilifanya hivyohivyo. Injini ikakoroma kama pikipiki yenye kabureta chafu, barabara ikazidi kuliwa, na mkono wa mwalimu ukapita mbele ya kifua changu ukakivuta kifundo nje kidogo ili mafuta yaendane na hewa nyembamba. Ndege ikaondoka. Hakuongea mpaka tulipotua. Kitabu cha 152 kinaeleza wazi: uwanja ukizidi futi 3,000, punguza mafuta kwa injini ikiwa kwenye nguvu zote hadi izunguke kwa kasi yake ya juu kabisa, ndipo uondoke. Nilikuwa nimelisoma. Nililisoma kama mtu anayesoma habari za nchi nyingine.

Hili linahusu ndege zote mbili, lakini 152 ina cha kukuadhibu zaidi kwa sababu haina nguvu za ziada za kukufichia kosa. Na kwa jicho langu, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Aliyejifunza kwa 152 Nairobi anajua hewa ni kitu. Anapanga mapema mzunguko wake wa kuuzunguka uwanja, hapandishi pua kwa tamaa, na akiamua kurudi hewani badala ya kutua anapunguza flapu kutoka 30 hadi 20 papo hapo baada ya kusukuma nguvu, maana akichelewa anaona paa za mabati za mtaa wa South C zikija karibu.

Usidhani 172N inakusamehe hapo. Ile flapu ya nyuzi 40 ni breki. Inapendeza ukiwa unashuka juu ya miti. Ukitaka kurudi juu nayo kwenye hewa nyembamba, ndege inakataa kabisa mpaka uipunguze. Za baadaye, kuanzia P, zinaishia nyuzi 30.

Miguu, pua na upepo

152 ni nyepesi, na kila kosa la mguu linaonekana. Upepo wa pembeni unaisukuma, joto linalopanda kutoka mbuga ya Nairobi linaitikisa kama boti ya ngalawa iliyokutana na wimbi la kivuko. Pwani wakati wa kusi, upepo ukivuma bila kupumzika kutoka alasiri, noti 12 za kitabu hufikiwa upesi na mwanafunzi anabaki kunywa chai. 172 inakupa noti 15 na uzito wa kutulia. Hizo noti si katazo la sheria, ni kiwango ambacho kiwanda kilijaribu. Lakini mwanafunzi asijipe ujuzi wa kiwanda.

172 ina kasoro yake ya kufundishia: pua nzito. Anayezoea kuachia usukani mapema wakati wa kugusa chini anatua kwa gurudumu la mbele, ndege inaruka kama mpira, anasukuma tena, inaruka tena. Ukuta unaotenganisha injini na chumba cha rubani hukunjika kwa mtindo huo, na ukarabati wake ni mrefu na ghali. Ukienda kuangalia 172 ya shule, muulize mwalimu kama ukuta huo umewahi kutengenezwa. Ni swali la kawaida, si la kuudhi.

Siku ya kuruka peke yako mara ya kwanza nayo inatofautiana. Mwalimu wa kilo 80 akishuka kwenye 152 yenye kilo 740, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito imefungua mlango ikaondoka. Ndege inapaa kabla hujawa tayari, inafika urefu wa mzunguko mapema, na ukishuka inaelea juu ya barabara haitaki kukaa. Nilikuwa nimeonywa na bado nilicheka kwa sauti peke yangu mle ndani. Kwenye 172 mabadiliko yapo, ila madogo.

Pesa, na saa ipi inayohesabiwa

Tuseme 152 ni 100 kwa saa na 172 ni 130, sarafu yoyote unayotaka. Saa 40 za 172 ni 5,200. Kwa pesa hizo unapata saa 52 za 152. Yaani 152 ina nafasi ya kukuchelewesha saa 12 nzima kabla haijawa ghali kuliko dada yake. Haitakuchelewesha hivyo, kama inakutosha. Na siku ukihamia 172 kwa sababu unataka viti vinne, mwalimu atakukagua kwa saa chache. Bado umebaki na faida. Kwa anayeendelea hadi leseni ya biashara, ambako njia ya kawaida inadai saa 200, tofauti hiyo inakuwa gari. Saa ya 152 na saa ya 172 huandikwa kwenye kitabu chako kwa wino uleule.

Ila kuna mchwa anayekula hesabu hizi, na wengi hawamwoni mpaka wapate ankara. Bei ya saa ni ya saa gani? Mita ya Hobbs huanza kuhesabu injini inapowaka. Mita ya takomita huhesabu mizunguko ya injini, kwa hiyo ukitambaa polepole au ukisimama kwenye foleni inakwenda taratibu kuliko saa ya ukutani. Wilson ina foleni. Asubuhi ya watalii unakaa nyuma ya ndege za abiria, Caravan nne na Dash 8 moja, injini inanguruma, Hobbs inazunguka. Dakika 15 za foleni, mara masomo 35, ni karibu saa 9 ulizolipia ukitazama mkia wa ndege ya mwenzako. Shule yenye bei kubwa kidogo inayotumia takomita inaweza kuwa nafuu kuliko yenye bei ndogo inayotumia Hobbs. Uliza kabla ya kutoa senti. Na foleni ikiwa ndefu, punguza mafuta ukiwa chini. Mchanganyiko uliojaa mafuta kwenye hewa ya Nairobi unapaka plagi masizi, kisha unafika zamu yako, unakagua magneto (mitambo inayotoa cheche za injini), injini inatetemeka, unarudi kuegesha. Hiyo nayo umelipia.

Kupanda pia ni pesa. Kutoka Wilson kwenda upande wa Bonde la Ufa unahitaji si chini ya futi 3,000 zaidi ili tu uvivuke vilele vya Ngong. Kwa 152 iliyojaa, inayopanda wastani wa futi 300, ni dakika 10 za kuzunguka ukiomba. Na Naivasha yenyewe, ziwa lile, liko juu kuliko Wilson, futi 6,180. Ili upate leseni unatakiwa ufanye safari moja ya mafunzo ya jumla ya kilomita 270, yenye vituo viwili. Ukiipanga kwa 152 elekea kwenye nchi ya chini, mafuta na muda vitakushukuru.

Usilipe saa zote 40 mbele kwa ajili ya punguzo. Lipia kumi kumi. Ndege moja ikienda karakana, au mwalimu akiajiriwa na shirika la abiria katikati ya masomo yako, pesa zako zisiwe zimelala.

Na Piper?

Atakuja mtu akwambie achana na zote, chukua Piper PA-28. Ni ndege nzuri, bawa liko chini, inatua kwa upole, na ukikata kona kuelekea barabara unaiona barabara, tofauti na Cessna ambapo bawa linakufunika macho. Lakini ina mlango mmoja tu, upande wa kulia, jua la mchana linakuchoma hakuna kivuli, na swichi ya mafuta haina "yote mawili": unakumbuka mwenyewe kubadili tangi la kushoto na la kulia. 152 swichi yake ni wazi au funga, basi. 172 unaiacha kwenye yote mawili. Kwa mtu wa saa ishirini, kimoja kidogo cha kusahau ni bora kuliko viwili.

Baada ya leseni

Hapa ndipo watu hununua ndoto. "Nitachukua 172 kwa sababu nataka kumbeba mke na watoto Amboseli." Sawa, lakini uchague ya kupandia familia wakati huo, si leo. Halafu hesabu: 172N yenye matangi kamili inabakiza kama kilo 279 za watu na mizigo. Gawa kwa nne, ni kilo 69 na robo tatu kila mmoja, bila hata mkoba. Viti vinne si ruhusa ya watu wazima wanne, hasa kutoka Wilson. Mama, baba, watoto wawili wadogo na mafuta ya kupima, hiyo inaenda.

Na kabla hujaanza kuchora mabango: leseni ya binafsi haikuruhusu kulipwa. Huwezi kuwapeleka watalii Maasai Mara kwa ada. Hiyo ni kazi ya leseni ya biashara.

Dashibodi ya skrini, inayopatikana kwenye 172S nyingi za miaka ya 2000, sitaijadili sana. Ukilenga mashirika ya ndege, utaikuta mbele, na utaijifunza. Saa za mishale za 152 zinakufundisha kutazama nje, na mwanzoni huko nje ndiko kuliko na kazi.

Basi kwa mwili mdogo au wa kati, mwalimu wa kati, 152, pwani au bara. Kwa mwili mkubwa, au mwalimu mkubwa usiyeweza kumbadilisha, 172 kuanzia somo la kwanza, bila kuona haya. Saa unazolipa ukiwa na ndege isiyopanda hazikufundishi kitu. Kwa anayesoma Wilson kati ya Juni na Agosti kuna mtego mmoja zaidi: asubuhi ile inayofaa kwa 152 ndiyo yenye wingu zito la chini, na kwa kawaida linachanika kuelekea saa nne. Weka nafasi ya saa nne au saa tano, miezi hiyo ya baridi 152 haiteseki. Februari ni kinyume chake: saa moja asubuhi, kabla Caravan hazijapanga mstari. Ukipewa 152 ya saa saba mchana, Februari, na mwalimu wa kilo 95, omba siku nyingine.